Namba Iliyosogea

Ukata, Mbinga
12 Februari 2024

Dada Flavia,

Salaam nyingi kutoka Ukata. Sijui kama unanikumbuka. Mimi ndiye mwalimu niliyesimama nimekushikia ule mchoro wako mkubwa ulipotutembelea shuleni Januari, kwa sababu ubao wetu haushiki gundi. Naitwa Iddy Shemhilu, mtu wa Lushoto, na huu ni mwaka wangu wa tano Mbinga. Nafundisha fizikia kidato cha tatu.

Siku ile ulisema, "Mwenye swali aniandikie." Nadhani uliwaambia wanafunzi, lakini mwenye swali ni mimi. Wewe unatafuta nini hasa huko Ulaya? Nilikusikiliza saa nzima, nikaandika kurasa nne, na nilipozisoma jioni nikakuta najua jina la kila kitu ila sijui kinachotafutwa. Uliandika ubaoni uwiano, ukauzungushia duara, ukasema, "Hapa ndipo penye siri." Kisha kengele ikagonga na watoto wakakimbilia makande.

Naomba unijibu kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza naweza kujifanya nimeelewa.

Ukiona nimechelewa kujibu, usidhani nimepuuza. Mtandao haufiki ninapokaa. Naandika hapa mezani, halafu nikipanda juu kwenye mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mlimani, simu inashika na barua inaondoka.

Wako,
Iddy Shemhilu


19 Februari 2024

Mwalimu Iddy,

Nakukumbuka vizuri. Mkono wako wa kushoto ulikuwa unatetemeka nikawa naharakisha kwa ajili yako, ndiyo maana sikumaliza.

Ninachotafuta ni hiki. Katika mtambo wetu tunagonganisha chembe, na katika vipande vinavyoruka hutokea chembe moja nzito ambayo haiishi hata sehemu ya bilioni ya sekunde. Inavunjika. Mara chache sana, ikivunjika, inatoa jozi ya elektroni. Mara nyingine inatoa jozi ya muoni. Muoni ni ndugu wa elektroni: tabia zile zile, ila ni mzito kama mara mia mbili. Kuna ndugu wa tatu pia, mzito zaidi, lakini huyo mwache kwanza. Wenzetu huita aina hizi "ladha", ingawa hakuna anayeonja chochote. Mimi niliyekulia Litembo katikati ya mibuni, ladha kwangu ni kahawa, na ya hapa ni maji ya moto yaliyopakwa rangi.

Nadharia tuliyonayo inasema maumbile hayabagui kati ya ndugu hawa. Kila zikitoka jozi mia moja za elektroni, zitoke jozi mia moja za muoni. Sasa, tukihesabu tukakuta si mia kwa mia, maana yake kuna kitu kingine mle ndani kinachoingilia, chembe nzito mno ambayo mtambo wetu hauna nguvu ya kuitoa hadharani. Hatuioni yenyewe. Tunaona upendeleo wake.

Mwezi Januari, baada ya miaka mitatu ya kazi, nimehesabu yangu. Kwa kila jozi mia za elektroni, nimepata jozi themanini na mbili za muoni.

Themanini na mbili, Mwalimu! Tafadhali isitoke nje ya darasa lako. Nitaitangaza kwenye mkutano wetu Juni.

Flavia Kapinga


Ukata
10 Machi 2024

Dada Flavia,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama shambani kwa watu, mpaka mwenye shamba akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Niliipeleka darasani. Wanafunzi wamekuwa wakali. Violet, yule mrefu anayekaa dirishani, ameuliza: kitu kisichoweza kutoka kinawezaje kuingilia? Nikamwambia nitakuuliza. Hilari akasema labda ni kama mwenyekiti wa kijiji ambaye haji kwenye kikao, lakini kila mtu anaongea kwa kumwogopa yeye. Sikujua kama niweke tiki au niweke kosa.

Jumatano nilikwenda Litembo hospitali kung'olewa jino. Nikaulizia kwenu, nikaelekezwa. Mama yako alikuwa anaanua mahindi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu anayeandikiana na Flavia?"

"Ndiye mimi."

"Karibu ukae. Hebu niambie, yule mtoto anatafuta nini? Mimi akinieleza kwenye simu naitikia tu."

Nikajitahidi, na shavu limevimba. Nikamwambia anatafuta chembe ambayo bado haijajulikana kama ipo.

"Haijajulikana kama ipo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wanamlipia nyumba?"

"Ndiyo."

Akaanua mahindi kama matano hivi. Kisha akasema, "Mwambie ale. Mwaka huu kwenye picha shingo imekuwa nyembamba." Ujumbe nimeufikisha. Amenifungashia ndizi pia, na jino moja nimepungukiwa, kwa hiyo nazila polepole.

Iddy


17 Machi 2024

Mwalimu Iddy,

Mfungo mwema. Nimecheka peke yangu ofisini. Mwambie Mama nakula.

Jibu la Violet: Hilari yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Mpe tiki. Katika ulimwengu mdogo huu, hata kisicho na nguvu ya kutoka hadharani huacha alama kwa muda mfupi kupita kiasi, na alama hiyo inabadilisha mara ngapi jambo fulani linatokea. Ndiyo maana kazi yangu ni kuhesabu, kuhesabu, kuhesabu.

Umeuliza pia, kwenye ujumbe mfupi uliofuata barua yako, mashine inajuaje hii ni elektroni na ile ni muoni. Muoni anapita kila kitu. Tumeweka kuta nene za chuma, na anayefika upande wa pili karibu lazima awe muoni. Elektroni anakwama mapema, kwenye kipimio kinachonyonya nguvu zake zote. Akikwama pale na kuzimwaga zote, tunaandika: elektroni.

Namba bado ni themanini na mbili. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali: mkataba wangu hapa unakwisha Desemba. Msimamizi wangu amesema namba hii ikisimama, wataniombea nafasi ya kudumu. Silali vizuri, lakini ni kwa furaha.

Flavia


Ukata
14 Aprili 2024

Dada Flavia,

Idi tumeila salama. Pilau nilipika mwenyewe, nikawaalika walimu wenzangu wa Kikatoliki, wakamaliza mpaka ukoko.

Nina jambo ambalo limenisumbua wiki tatu. Huenda ni ujinga, lakini nitalisema kwa njia ninayoijua.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, kijiji kilitaka kujua kina nyumba ngapi ili kigawe zamu za kuchimba mtaro wa maji. Wakanipa mimi, mgeni mwenye kalamu. Nilizunguka siku sita, mlima juu mlima chini. Nikaleta jibu: nyumba mia mbili na kumi na mbili. Mtendaji akasoma, akanitazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nyumba ni mia moja sabini na moja.

Nilikuwa nimehesabu majiko. Kwetu Lushoto nilizoea jiko la ndani au kibanda kidogo cha miti. Hapa jiko ni nyumba kamili: lina ukuta, lina bati, lina mlango wa kufunga, na mara nyingi bibi analala humo kwa ajili ya joto. Nilipoona moshi na mtu, niliandika: nyumba.

Nimelikumbuka hili kwa sababu ya jambo moja. Kosa langu lilikuwa la upande mmoja tu. Hakuna nyumba niliyoidhania kuwa jiko. Ni majiko yaliyojificha kwenye nyumba. Kwa hiyo hata ningehesabu mara kumi, kila mara nyumba zingezidi, na nisingejua, kwa sababu kila mara ningepata jibu lile lile.

Sasa wewe umeniambia muoni lazima apite kuta za chuma. Huyo ni vigumu kuigiza. Lakini elektroni ni yeyote anayekwama mapema na kumwaga nguvu zake. Hakuna mwingine anayeweza kukwama pale pale akamwaga vile vile? Umeniambia muoni wako wamepungua. Unajuaje kwamba si elektroni waliozidi?

Nisamehe kama nimeingia jikoni kwa watu.

Iddy


16 Aprili 2024

Mwalimu,

Asante kwa barua. Suala la elektroni bandia linajulikana na limezingatiwa. Tumelikadiria kwa kompyuta na ni dogo. Nina kazi nyingi kabla ya mkutano, kwa hiyo sitaweza kuandika kwa muda. Wasalimie wanafunzi.

F. Kapinga


Ukata
2 Juni 2024

Dada Flavia,

Wiki ya saba hii. Shule imefungwa, nimebaki peke yangu na kuku wa jirani.

Nimejua sababu ya ukimya wako, na una haki. Mkuu wetu wa shule, Mzee Tadei, ameniambia alikutana na mama yako kwenye misa Litembo, na katika mazungumzo akamwambia kwamba mimi ni mwalimu wa historia. Najua Mama amekufikishia.

Ni kweli. Nilisomea historia na Kiswahili. Mwalimu wa fizikia alihama miaka miwili iliyopita, hakuja mwingine, na Mzee Tadei akaniita akaniuliza kama naogopa vitabu. Nikasema siogopi. Akanikabidhi chaki. Tangu siku hiyo nasoma sura moja mbele ya wanafunzi, wakati mwingine ukurasa mmoja mbele, na siku ya umeme wa mfululizo na sambamba walinipita kabisa.

Nilipokuandikia nikajiita mwalimu wa fizikia, sikusema uongo, lakini nilitaka uniamini kuwa ni wa kwenu. Kisha nikakuandikia habari za majiko kana kwamba najua kazi yako kuliko wewe. Ni mazoea ya somo langu tu. Ukipewa waraka wa zamani wenye idadi, swali la kwanza si idadi ni ngapi. Ni nani alihesabu, na angeweza kukosea kitu gani kwa kitu gani. Ningekuambia hivyo tangu mwanzo, ungejua thamani ya swali langu na usingepoteza muda nalo.

Naomba radhi. Nakutakia mkutano mwema, na namba yako isimame.

Iddy Shemhilu
Mwalimu wa historia


23 Juni 2024

Mwalimu Iddy,

Mama hajaniambia lolote. Nimejua kwamba wewe ni wa historia kwenye barua yako hii, nikiwa nimekaa kituo cha treni. Mpaka sasa sijui nicheke au nilie. Ukimya wangu ulikuwa na sababu nyingine, na aliyeficha jambo ni mimi.

Mwezi Machi, siku chache baada ya kukuandikia, nilikaza kidogo masharti ya kumkubali elektroni, kama mtu anayesema mlango wenyewe lazima uwe wa aina fulani ndipo niite nyumba. Kama elektroni wangu wote wangekuwa wa kweli, uwiano usingebadilika, kwa sababu tunajua wangapi wa kweli tunawapoteza kila tukikaza na tunawarudisha kwenye hesabu. Ulibadilika. Kutoka themanini na mbili ukaja themanini na tano. Nikajiambia ni bahati tu. Katika daftari langu la kazi, ambalo naandika mpaka saa niliyokunywa chai, sikuandika.

Halafu ikaja barua yako ya majiko. Uliuliza swali lile lile nililolifungia ndani, na uliliuliza vizuri kuliko nilivyojiuliza. Nilikujibu mistari minne kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa.

Nilikaa wiki tatu. Mwezi Mei nikashindwa kuvumilia. Kuna chembe inaitwa pioni, na mara chache hukwama kwenye kipimio kile kile na kumwaga nguvu karibu sawa na elektroni. Tulikuwa tumewakadiria kwa mfano wa kompyuta, na mfano ulisema ni wachache. Safari hii niliwahesabu kwenye data yenyewe, kwa kwenda makusudi mahali ambapo najua ni pioni watupu na kuona wangapi wanapita kama elektroni. Walikuwa wengi kuliko mfano ulivyosema. Nikakaza masharti: themanini na tano. Nikakaza tena: themanini na tisa. Tena: tisini na tatu.

Jumatatu ya wiki ya mkutano nikaenda kwa msimamizi wangu. Anaitwa Profesa Othmar, jina lile lile lililojaa Mbinga. Wamisionari walilitoa huku huku. Nikaweka michoro mezani.

Akaipitia mmoja mmoja. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Machi."

"Ndiyo."

"Mkutano ni Alhamisi."

"Najua."

"Na jina lako liko kwenye ratiba pamoja na namba yako."

"Najua, Profesa."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi Alhamisi utasema nini?"

"Nitasema namba imesogea, na nitasema nilichelewa kuangalia."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kaa, tuhesabu wote," na tukakaa siku tatu.

Alhamisi nilisimama mbele ya watu kama mia na hamsini na kuiondoa namba yangu. Baada ya kuwatoa pioni wote tuliowapata, uwiano ni tisini na saba, ukiwa na nafasi ya kosa ya sita juu au chini. Mia imo ndani. Maumbile hayabagui, au kama yanabagua, si hapa nilipotazama. Hapakuwa na maswali mengi. Mwanamke mmoja mzee wa mstari wa mbele alipiga makofi peke yake, kisha akaacha.

Habari ya nafasi ya kudumu haijazungumzwa tena. Nimeandika maombi ya kazi chuoni Dodoma na sehemu nyingine mbili. Sijui.

Katika andiko letu kuna mahali pa kushukuru watu. Nataka kuandika jina lako. Profesa ameuliza wewe ni wa taasisi gani. Nimwambie nini?

Flavia


Ukata
7 Julai 2024

Dada Flavia,

Shule imefunguliwa Jumatatu. Niliwasomea barua yako nzima, hata kile kipande cha mwezi Machi, kwa sababu nilifikiri ungetaka wakisikie. Kama nimekosea, lawama ni yangu.

Violet akasimama.

"Mwalimu, kwa hiyo amefeli?"

Kabla sijafungua mdomo Hilari akamgeukia. "Amefeli nini? Alikwenda kuhesabu nyumba, sasa amejua ziko ngapi."

"Lakini alitaka ziwe zaidi."

"Kutaka kwake na nyumba kuna uhusiano gani?"

Wakaanza kugombana, nikawaacha. Sijawahi kuona kidato cha tatu kikigombana juu ya pioni. Baadaye nikaona ni siku nzuri ya kusema na la kwangu. Nikawaambia mimi ni mwalimu wa historia, fizikia najifunza pamoja nao. Wakatazamana. Violet akasema, "Tunajua, mwalimu. Ukifika kwenye milinganyo unatugeuzia mgongo mpaka kengele."

Kuhusu jina langu: niandike, nitafurahi, Mama yangu Lushoto nitamtumia akalibandike ukutani. Taasisi andika "Ukata". Watatafuta kwenye ramani.

Violet amenipa swali lingine, nami nalileta kama lilivyo. Amesema: "Muulize, siku ile namba ilipoanza kusogea na yuko peke yake, alihisi nini? Asituambie alichosema kwenye mkutano. Atuambie alichohisi." Nilimwambia si swali la fizikia. Akasema kama mwalimu wa historia anafundisha fizikia, yeye anaweza kuuliza analotaka.

Iddy


15 Julai 2024

Kwa Violet, kidato cha tatu, kwa mkono wa Mwalimu Iddy.

Violet mdogo wangu,

Swali lako nimekaa nalo siku tano, kwa sababu jibu la haraka lilikuwa "niliumia," na ni kweli, lakini halikuwa la kwanza.

Ilikuwa mwezi Mei, saa nne asubuhi. Chumba tunakaa watu wanne, wenzangu walikuwa wamekwenda kunywa kahawa. Nilikaza sharti moja nikabonyeza, na kompyuta huchukua kama dakika ishirini kuhesabu upya. Nikala tufaa. Ikatoka themanini na tisa. Nilijua pale pale kwamba miaka yangu mitatu imeondoka na barua ya kazi imeondoka nayo. Nilifikiria kumpigia mama, nikakumbuka ataniuliza kama nimekula.

Mwezi Machi nilipoona namba ikisogea, niliogopa nikafunga kompyuta. Safari hii sikufunga. Nilikaza sharti la pili nikabonyeza tena, na katika zile dakika ishirini za kusubiri ndipo nikagundua kitu ambacho sikumwambia Profesa, wala mkutano, wala Mwalimu wako. Mwenzangu Dastan, Mmalawi tunayekaa naye meza moja, alirudi akaniona nimeinama karibu kugusa kioo. Akaniuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, "Namba yangu inakufa." Akavuta kiti. "Pole sana. Unataka tutoke nje?"

Nikamwambia, "Hapana, ngoja. Nataka kuona itasimama wapi."

Na nilikuwa nataka kweli, Violet, kuliko nilivyowahi kuitaka ile themanini na mbili.

Dada yako,
Flavia Kapinga